Babu, Baba na Mjukuu kwenye Pampu Moja

Bwana Traugott Eisele ana gari la michezo, na kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa akiliombea msamaha.

Gari lenyewe halina kosa. Lilitoka kiwandani Stuttgart siku ambazo nywele zake zilikuwa bado kichwani. Jina la kiwanda silitaji kwa sababu hawanilipi. Injini iko nyuma, pistoni sita, inapozwa na upepo badala ya maji, na ukilikanyaga linaweza kukubandika kwenye kiti. Linaweza, nimesema. Hakuna aliyewahi kuona. Rangi yake ni kahawia, maana kahawia huficha vumbi na haichokozi majirani, na hulala bandani nyuma ya kuni ili mpita njia adhani ni trekta.

Mimi ni mpangaji wao wa orofa ya juu tangu nilipotoka Tanga kuja kufanya kazi ya uuguzi, na sasa nimekaa hapa Neubronnen muda mrefu kiasi cha kugombana nao bila kumtafuta mkalimani. Huku chini ya milima ya Alb mtu kuwa na pesa si dhambi. Dhambi ni kuonekana nazo. Wiki yangu ya kwanza ya zamu ya kufagia ngazi niliosha kwa ndoo mbili za maji, kwa kutaka sifa. Bwana Eisele alisimama chini akitazama maji yanavyoteremka, uso umemsawijika kama amefiwa. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwanahawa, ngazi hizi zinatosheka na kitambaa kibichi." Nikajua nimepanga kwa mwenye mkono wa birika.

Kazi yake hadi kustaafu ilikuwa kuunda mizani kwenye kiwanda cha mji wa jirani, na mizani ilimwingia mwilini. Ukimletea mtoto mchanga apongezwe, atampokea, atampandisha na kumshusha kidogo mikononi, kisha atataja kilo zake badala ya kusema ni mzuri. Na mara nyingi hupatia.

Sasa mtu wa namna hii alinunuaje gari la michezo? Alilipenda, ndiyo sababu. Alilipenda vibaya sana. Lakini kwao huwezi kusema umenunua kitu kwa kukipenda, kwa hiyo alimwambia mkewe, na majirani, na mchungaji mlangoni mwa kanisa, kwamba amelichukua kwa sababu linakula mafuta kidogo. Ukishadanganya mbele ya mchungaji huna njia ila kuufanya uongo uwe kweli. Basi akawa analiendesha kama amepakia mayai. Kuteremka mlima, anazima injini. Kupanda, anajificha nyuma ya lori ili upepo usimkabe. Wazee wenye baiskeli walimpita wakimsalimia.

Na kiti cha pembeni, miaka yote hiyo, alikaa Bi Roswitha.

Bi Roswitha alikuwa mfumaji katika kiwanda cha fulana, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Alipokuwa msichana kaka yake alimpakia kwenye pikipiki kupeleka maziwa, mbio, maziwa yakageuka siagi, wakachapwa wote wawili. Alinihadithia kisa hicho mara nyingi mno, na kila mara macho yake yaling'aa pale pale, penye mbio. Aliolewa na mtu mwenye gari la mbio akaishia kutazama matako ya malori.

Hakulalamika sana. Lakini mwaka huu Bwana Eisele alianza kusema macho yamechoka, na kwamba baridi ikiingia ataliuza gari. Bi Roswitha aliposikia hivyo alinyamaza siku nzima, jambo ambalo mimi kama muuguzi lilinitia hofu.

Mambo yaliiva Jumapili moja mezani, kwenye dengu na tambi za mayai. Tulikuwa watano, ukihesabu mbwa: wenye nyumba wawili, mimi, na Mögle mwenye mbwa huyo, mjane wa nyumba ya tatu aliyefiwa na mkewe Gerda, aliyekuwa akigawa barua hadi alipostaafu, naye ana gari la ukoo uleule ila la kizazi cha baadaye, miaka ya tisini. Kisha akaingia Friederike, binti yao, daktari wa meno kule Stuttgart, akiwa na toleo jipya kabisa la gari hilohilo. Tangu siku hiyo mimi niliyaita magari yale Babu, Baba na Mjukuu, na majina yakashika.

"Baba," Friederike alianza kabla hata ya kukaa, "hili langu lina nguvu zaidi ya mara mbili ya lako, na bado linakula kidogo kuliko lako."

"Langu linakula kama ndege," alisema Bwana Eisele.

"Ndege gani? Mbuni?"

Mögle akacheka, tambi ikamtoka puani.

"Sikiliza," binti aliendelea. "Injini yangu ni ndogo, ina turbo mbili, kompyuta inapima kila tone kabla ya kulichoma. Nikisimama kwenye taa inajizima yenyewe. Yako inapokea mafuta, inachoma yanayochomeka, yaliyobaki inayageuza joto. Kazi yako ni kupasha moto milima ya Alb."

"Na uzito je?" Bwana Eisele aliweka kijiko chini, sasa walikuwa wamefika nyumbani kwake. "Langu tani moja. Lako tani moja na nusu. Mmetengeneza injini yenye akili nyingi, halafu mkaifunga kwenye mwili wa kiboko. Viti vya kupashwa moto! Kizazi chenu mmezaliwa na matako ya barafu?"

"La kwangu liko katikati," alisema Mögle.

"Wewe umezoea kuwa katikati, kula," Bi Roswitha akamwambia.

"Haba na haba hujaza kibaba," Bwana Eisele akatangaza, akitazama ukuta. "Sijui turbo. Najua mguu wangu."

Hapo Bi Roswitha akachukua upawa wa dengu akaushika kama rungu. "Basi pimeni," alisema. "Mnajaza pampu moja hadi shingoni, mnapanda Alb hadi mto Danubi, mnarudi, mnajaza pampu ileile. Aliyejaza kidogo ameshinda. Na mimi naweka dau. Babu akishindwa na Mjukuu, wewe Traugott utanipeleka barabara kuu, pale pasipo na kikomo cha mwendo, ukanyage mpaka chini. Mara moja tu kabla hujaliuza. Nataka nijue nimeolewa na gari gani."

"Na likishinda?"

"Sitalitaja tena mpaka nife."

Nilimtazama Bwana Eisele. Masikio yalimwiva. "Sawa, mama," akasema, na mimi nikasikitika, maana nilijua atapigana kwa kila alichonacho ili asilipe dau hilo.

Masharti aliyatunga yeye. Kila gari libebe watu wawili, uzito ulingane, na wote warudi kabla ya kengele ya saa sita. Mögle, kwa kuwa hana mke, aliamriwa kupakia magunia ya viazi juu ya kiti, na mbwa akahesabiwa. Mimi nilipangwa kwa Friederike. Bi Roswitha, bila shaka, kwa mumewe.

Asubuhi ya shindano nilimkuta Bwana Eisele bandani akimvua Babu nguo. Alikuwa ametoa tairi la akiba, jeki, mazulia ya miguuni na kisahani cha majivu. Alimwomba mkewe aache mkoba nyumbani. Bi Roswitha aliuacha, ila akachomoa mkate wa kusokotwa akauficha kifuani.

Kituoni tulijaza hadi shingoni. Bwana Eisele alimtikisa Babu kwa nyonga, kushoto kulia, ili viputo vya hewa vitoke na mafuta yazidi kuingia. Mwenye pampu alidhani mzee anacheza ngoma. Babu akatangulia, Baba akafuata, sisi na Mjukuu tukaondoka mwisho. Na nikiri kuwa sisi hatukuteseka. Friederike aliendesha taratibu, injini ikinong'ona tu, tukafika Danubi, tukala aiskrimu, tukageuza.

Kilichompata Babu nilihadithiwa baadaye na Bi Roswitha, na sina sababu ya kumshuku.

Walikuwa wakirudi, juu kwenye uwanda wa Alb, kati ya mashamba, mbele yao ikatokea trekta inavuta tangi la samadi ya maji. Tangi kubwa, pana, refu. Dereva mwingine yeyote angeona balaa. Bwana Eisele aliona ukuta wa kuzuia upepo. Akamsogeza Babu hadi karibu, akapunguza gia, akatulia nyuma yake kama kifaranga chini ya mama.

Tangi lilikuwa na bomba lisilofunga vizuri.

"Mpite," alisema Bi Roswitha.

"Mama, huyu ananiletea faida."

"Anakuletea mavi. Washa wiper."

"Wiper inakula umeme, umeme unakula mafuta."

Mögle akawafikia, akawapita wote wawili, akawapungia mkono, mbwa akiwa ameziba pua kwenye gunia. Barabara ilikuwa nyoofu na tupu hadi upeo wa macho. Bwana Eisele hakutikisika. Ile hewa ya gari zee huingia kutoka nje utake usitake, na Bi Roswitha aliivuta kilomita baada ya kilomita, mpaka akaelewa jambo. "Niliwaza hivi, Mwanahawa," aliniambia. "Kama hata harufu hii haimfanyi akanyage, basi hakuna kitakachomfanya. Wala mimi." Akamwambia asimame.

Alisimama. Mke akashuka, akaenda kukaa kwenye ukuta wa mawe kando ya shamba, akatoa mkate wake kifuani.

"Mama, panda, saa inakwenda."

"Nenda kashinde."

Bwana Eisele alifikiri. Friederike yuko nyuma, atampitia, hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kingine: masharti yanataka uzito wa watu wawili, na yeye katika maisha yake hajawahi kudanganya mzani. Mashamba ya kule juu, wakulima huyachimba mawe kuliko viazi. Basi akauendea ule ukuta, akaokota jiwe, akalipandisha na kulishusha mikononi, akaliweka kwenye kiti cha mkewe. Akafuata jingine. Mkewe alikuwa akitafuna huku akitazama.

"Hilo ni paja langu?" aliuliza.

"Hilo ni bega. Bado kilo mbili."

"Ongeza ya dengu za Jumapili."

Akaongeza, na hakuwa anatania. Akayafunga mkanda, akafunga mlango taratibu usije ukalegea, akaondoka kumkimbilia yule wa samadi.

Sisi tulimkuta Bi Roswitha pale pale ukutani. Friederike alifungua mlango, "Mama, twende." Bi Roswitha akakataa. Alisema atangoja hapo aone kama mumewe atarudi kumchukua. Friederike akamwambia baba hana simu, baba yuko kwenye mashindano, baba tunamjua.

"Mimi pia namjua," alisema mama yake. "Ndiyo maana nangoja kwa wasiwasi."

Tukazima gari tukakaa naye. Nilimwona akikung'uta makombo kwenye sketi mara nyingi kuliko makombo yaliyokuwapo, na moyo uliniuma. Mwanamke mzima, ana wajukuu, amekaa ukutani kama msichana anayengoja kuposwa.

Huku chini mjini, Mögle ndiye shahidi, nami namwamini kwa sababu hana akili ya kubuni. Yeye alikuwa ameshajaza: Baba alikunywa karibu lita kumi kwa kila kilomita mia. Babu akaingia kituoni, madoadoa ya samadi hadi paani, muda bado upo. Bwana Eisele akashuka uso unang'aa. Alikuwa na uhakika ameshinda. Akauchukua mpira wa pampu akafungua kifuniko cha tangi.

"Roswitha yuko wapi?" Mögle alimuuliza.

"Huyo hapo," alisema Bwana Eisele bila kugeuka, akionyesha kiti kwa kidole. "Uzito wake kamili, hata gramu haikupungua."

Mögle akachungulia dirishani. Akayaona mawe, yamefungwa mkanda, moja dogo juu kama kichwa. Alitazama muda, kisha akatazama viazi vyake mwenyewe.

"Traugott," alisema, "mimi kiti changu kina viazi kwa sababu Gerda amekufa. Chako kina mawe kwa nini?"

Mögle anasema Bwana Eisele alibaki ameshika mpira wa pampu kama mtu aliyesahau unatumika wapi. Miaka arobaini na zaidi alikuwa akitafuta kuthibitisha jambo moja, na uthibitisho ulikuwa umbali wa kiganja kutoka mkononi mwake: aingize, asubiri, asome. Akautundika mahali pake. Akafunga kifuniko. Akafungua mlango wa pembeni, akayatupa mawe chini moja baada ya jingine, la mwisho likamwangukia Mögle kidole cha mguu. Kisha akaingia, akawasha, akakanyaga. Mwenye pampu alitoka mbio ndani akidhani kituo kimelipuka.

Kule juu kengele ya saa sita ilikuwa imelia kijiji cha bondeni. Bi Roswitha alisikia, akakunja karatasi ya mkate wake vipande vinne. "Haya," alisema, "hesabu imekwisha, nipelekeni nyumbani." Aliinuka kwa shida, na mimi nikamshika mkono.

Ndipo tukasikia mlio. Ulitoka mbali chini kwenye kona za mlima, unapanda, unakatika kidogo kila anapobadili gia, kisha unapanda tena juu zaidi, mkavu, wenye hasira, kunguru wakaruka shambani.

"Mjinga gani huyo?" alisema Bi Roswitha. "Atajiua."

Friederike alikuwa ameshakaa wima. Yeye anajua milio ya injini. Aliniangalia, kisha akamwangalia mama yake, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Mama," alisema, "huyo ni baba."

"Usinitanie."

Babu akatokea kwenye kona akiwa amelala upande mmoja, kahawia juu ya kahawia, akanyooka, akaja mpaka mbele yetu akafunga breki, vumbi likatumeza. Miaka yote hiyo Bi Roswitha alikuwa ameishi na lile gari, na hakuitambua sauti yake.

Bwana Eisele akajinyoosha kutoka ndani akamfungulia mlango. Alikuwa anahema. "Mama, panda."

"Na mawe yangu umeyapeleka wapi?"

"Nimemtupia Mögle."

"Umekanyaga tangu wapi?"

"Tangu kituoni."

"Na mafuta?"

"Roswitha," alisema yule mzee, "panda tafadhali."

Akapanda. Hakufunga hata mkanda vizuri. Hawakugeuza kurudi mjini. Walinyoosha moja kwa moja kuelekea barabara kuu, na Friederike aliyejaribu kuwafuata na nguvu zake zote mara mbili aliachwa kwenye kona ya pili, kwa sababu alikuwa anacheka na kulia hata hakuona njia.

Tulirudi kituoni tukajaza. Mjukuu alikuwa amekunywa lita saba na kidogo, mwili wa kiboko na yote. Kwa hiyo Friederike alimshinda Mögle kwa mbali, ingawa alichelewa kengele na Mögle hakuacha kulitaja hilo. Tukakaa kwenye ukingo wa lami tukiwangoja wenzetu, Mögle kavua kiatu, mbwa analamba kile kidole.

Walirudi jua likiwa limeshapunguza ukali. Walikuwa wamekwenda hadi mji wa Ulm na kurudi. Babu alinuka mpira na mafuta moto, na samadi ilikuwa imekaukia kwenye boneti. Bi Roswitha hakushuka. Alibaki kitini, nywele zimesimama zote, mkono mmoja ameuweka juu ya mkono wa mumewe uliokuwa bado umeshika gia.

"Vipi, mama?" Friederike aliuliza.

"Alikuwa anapiga kelele njia nzima," alisema Bi Roswitha. "Kama mtoto kwenye bembea. Mtu mzima huyu. Nilidhani anajinyima kwa ajili ya pesa, kumbe alikuwa anaona haya."

Bwana Eisele alitazama usukani.

Mögle, ambaye hajui wakati wa kunyamaza, akachechemea hadi kwenye pampu akaushika mpira. "Sasa tujaze tuone. Ingawa haihesabiki tena, umezidisha njia, umechelewa, umetupa uzito. Hutajua milele kama ulikuwa umenishinda. Yamekwenda mafuta kiasi gani?"

"Mengi," alisema Bwana Eisele. Aliwahi kulitamka neno hilo mbele yangu mara nyingi, siku zote kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Sasa alilisema kama anataja wajukuu wake. "Yamekwenda mengi, Mögle. Mengi sana. Jaza, kesho tunakwenda tena."